Kurudia mtihani na hofu ya siku yenyewe: njia ipi imfae nani

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayerudia GRE (mtihani wa kuingia shahada za juu), SAT (wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani), IELTS (wa lugha ya Kiingereza) au mtihani mwingine wa aina hiyo yuko katika hali hiyo hasa. Chumba kinafanana na kile cha mara ya kwanza, saa iko kwenye kona ile ile ya skrini, na mwili unakumbuka kilichotokea hapo kabla akili haijasema neno. Ndiyo maana ushauri wa "tulia, vuta pumzi, jiamini" humsaidia mmoja na kumwacha mwenzake pale pale. Hofu ya mmoja iko mikononi na kifuani, ya mwingine iko kwenye mawazo. Wa tatu anadhani ana hofu, kumbe hajaelewa uwiano na asilimia.

Je, ilikuwa hofu kweli?

Hili litangulie, kwa sababu anayetibu hofu wakati tatizo ni maarifa atarudi na alama zile zile, safari hii akiwa ametulia.

Chukua mitihani mitatu ya majaribio uliyoifanya kwa muda halisi, bila kusimamisha saa, na kwa maswali ambayo hujawahi kuyaona. Tafuta wastani wake, kisha uulinganishe na alama zako rasmi. Ikiwa wastani wa nyumbani uko juu waziwazi, kuna kitu kinachokuibia alama siku ya mtihani. Ikiwa unalingana na alama rasmi, tatizo ni maarifa, na makala hii itakusaidia kidogo tu. Ikiwa unafanya vizuri bila saa na vibaya saa inapotembea, hata ukiwa peke yako chumbani, tatizo ni kasi. Tofauti ndogo usiihesabu. Alama za mtu yule yule hupanda na kushuka kidogo kati ya mtihani na mtihani bila sababu yoyote ya maana.

Wengi hujidanganya katika kipimo hiki. Walisimamisha saa "dakika moja tu" kupokea simu, au nusu ya maswali walikuwa wameshayaona mwezi uliopita. Majaribio ya namna hiyo hukupa alama za juu zisizo zako, halafu siku ya mtihani unailaumu hofu kwa kosa lisilo lake.

Angalia pia makosa yalipoangukia, kama unakumbuka au kama ripoti inaonyesha. Makosa mengi kwenye maswali mepesi ya mwanzo ni dalili ya hofu. Maswali ya mwisho yasiyoguswa ni dalili ya muda. Makosa yanayofuata mada moja popote inapotokea ni pengo la maarifa.

Mwili au mawazo

Mwaka 1967 wanasaikolojia Liebert na Morris waliigawa hofu ya mtihani mafungu mawili: wasiwasi wa mawazo ("nikifeli tena watasemaje?") na msisimko wa mwili (moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kuvuruga). Mgawanyo huo bado unatumika kwa sababu unasaidia kuchagua dawa. Kinachoshusha alama zaidi ni wasiwasi wa mawazo. Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia vitu kwa wakati mmoja, ile unayoitumia kubeba tarakimu wakati wa kuzidisha kichwani, na kila sentensi ya "watasemaje" inakaa hapo hapo. Mikono inayotetemeka inasumbua, lakini haikuzuii kufikiri kwa kiasi hicho.

Swali la kujiuliza ni hili: mara ya mwisho, kipi kilianza? Kama moyo ulidunda kwanza na mawazo mabaya yakafuata, anzia kwenye mwili. Kama ulikaa kitini ukiwa mtulivu, ukakutana na swali gumu, kisha kichwa kikaanza kuhutubia, anzia kwenye mawazo.

| Njia | Inalenga | Muda wa kuizoea | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Pumzi ndefu za kutoa | Mwili | Siku 7 hadi 10, dakika 5 kwa siku | Kuvuta hewa nyingi kupita kiasi |
| Kukaza na kulegeza misuli | Mwili, usingizi | Wiki 2 au zaidi | Haifanyiki yote ukiwa kitini |
| Kuupa msisimko jina jingine | Mwili na mawazo | Siku chache | Hofu ikishakuwa kubwa mno |
| Kuandika hofu | Mawazo | Majaribio 2 | Kugeuka orodha ya majanga |
| Mtihani kamili wa majaribio | Vyote | Wiki 6 hadi 8 | Kufanywa kwa mazingira ya uongo |
| Dawa ya daktari | Mwili | Huamuliwa na daktari | Haigusi mawazo, ina masharti |

Pumzi au misuli?

Pumzi ina faida moja isiyo na mpinzani: unaweza kuitumia ukiwa kitini na msimamizi asijue. Vuta kwa puani ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Hapo pumzi moja inachukua sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Dakika 3 zinatosha. Siri iko kwenye kutoa, kwani moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapotoa hewa, na ukirefusha kutoa unarefusha kipindi hicho.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba pumzi ya kutuliza ni pumzi kubwa. Mtu anajaza kifua hadi mabega yanapanda, anarudia mara 10, kisha anashangaa kwa nini kichwa kinazunguka na vidole vinachoma kama ganzi. Ametoa hewa ya ukaa kupita kiasi, na dalili hizo sasa zinamtisha kuliko hofu aliyoanza nayo. Vuta hewa ya kawaida. Kinachorefushwa ni muda, ujazo unabaki ule ule. Kosa la pili ni kuijaribu kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mbinu isiyozoeleka inaongeza jambo la kukumbuka kwa mtu ambaye tayari kichwa kimejaa.

Kukaza na kulegeza misuli ni kazi ya daktari wa Marekani Edmund Jacobson, aliyechapisha kitabu chake kuhusu njia hiyo mwaka 1929. Kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5 hadi 7, kisha uachie ghafla na usikilize ulegevu kwa sekunde 20 au 30 kabla ya kuhamia kundi jingine: ngumi, mikono ya juu, paji la uso, taya, mabega, tumbo, mapaja, vigimbi. Mzunguko mzima unachukua kama dakika 3 hadi 5. Usikaze kwa nguvu zote, nusu inatosha. Taya na shingo zikikazwa mno hulipiza kwa maumivu ya kichwa.

Ukituuliza, pumzi ni ya chumba cha mtihani na misuli ni ya usiku wa kuamkia mtihani. Yuko mtu mmoja ambaye kwake tunageuza: yule ambaye akianza kufuatilia pumzi yake ndipo anahisi anakosa hewa. Huyo asilazimishwe. Atumie misuli kwa ufupi: ngumi mbili chini ya meza, mabega, kisha nyayo zikisukuma sakafu. Sekunde 40 kwa jumla.

Njia hizi mbili zote ni ndoo ya maji. Zinazima moto uliokwisha kuwaka, na hazizuii usiwake.

Kujituliza au kuupa msisimko jina jingine?

Hapa ushauri uliozoeleka unapingwa na utafiti. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha majaribio ambamo watu waliokuwa wakingoja kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu waliambiwa wajisemee maneno tofauti. Waliojiambia kuwa wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojiambia kuwa wametulia. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Jeremy Jamieson na wenzake waliwaeleza wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa GRE kwamba msisimko wa mwili unaweza kusaidia utendaji. Walioelezwa hivyo walipata alama za juu zaidi upande wa hesabu, kwenye jaribio la maabara na baadaye kwenye mtihani wenyewe.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwili uliopandwa na adrenalini (homoni ya woga na msisimko) haushuki kwa amri, na anayeuamrisha utulie kisha akaona haujatii anapata ushahidi mpya kwamba mambo yameharibika. Kutoka woga hadi hamasa ni hatua fupi, kwani moyo unadunda katika hali zote mbili na kinachobadilika ni maana unayoipa. Yerkes na Dodson walishaonyesha mwaka 1908, kwa panya, kwamba kusisimka kidogo mno kunadhuru ujifunzaji wa kazi ngumu na kusisimka kupita kiasi pia kunadhuru. Mtahiniwa asiyesikia chochote asubuhi ya mtihani hana faida juu yako.

Sentensi unayojiambia iwe ya kuaminika. "Nitafaulu tu" haifai kwa anayerudia, kwa sababu alishaisema mara ya kwanza. Sema jambo ambalo ni kweli wakati huo huo: "Mwili umeamka. Hii ni nguvu ya kazi." Ifanyie mazoezi kabla ya kila jaribio la nyumbani, ili siku yenyewe ije yenyewe.

Mpaka wake ni huu: hofu ikishafika kwenye kutapika, kuona giza au kuhisi unakufa, jina jipya halishiki. Punguza kwanza kwa pumzi au misuli, ndipo useme maneno. Atakayeanza na maneno atayaona ni kejeli.

Kuandika hofu au kutoigusa?

Ramirez na Beilock walichapisha mwaka 2011 kwamba wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wasioandika, hasa wale wenye woga mkubwa wa mitihani. Watafiti wengine walipolirudia jaribio hilo, matokeo hayakuwa yale yale kila mara. Kwa hiyo tunaiweka kama mbinu ya kujaribiwa, isiwe nguzo.

Andika kwa mkono, dakika 10 kwa kipima muda, kabla ya kuondoka nyumbani. Eneo la mtihani lina masharti yake kuhusu karatasi, na karatasi ya rasimu ndani ya chumba si ya kazi hiyo. Anayerudia ana jambo ambalo mgeni hana, nalo ni tukio halisi. Aliandike kama lilivyotokea ("swali la 4 lilinishika dakika 6, nikaacha mawili ya mwisho"), kisha aandike sasa atafanya nini likitokea tena. Maandishi yasiyo na sehemu hiyo ya pili huwa mduara: kazi, wazazi, pesa, umri, tena kazi. Ukiona mstari wa tano unarudia wa kwanza, acha.

Ijaribu kabla ya majaribio mawili ya nyumbani. Ukinyanyuka ukiwa mwepesi, endelea nayo. Ukinyanyuka ukiwa umeharibikiwa, iache bila kujilaumu. Wengine wanafaa zaidi kufagia uwanja au kutembea kwa miguu dakika 10.

Mtihani kamili wa majaribio au rundo la maswali?

Kama una nafasi ya kitu kimoja tu katika ulinganisho huu, chukua mtihani kamili wa majaribio. Wanaorudia wanauepuka kuliko wote. Wanapenda kufanya maswali 20 ya mada moja, kuangalia majibu, kufurahi, kulala. Maswali ya namna hiyo yanajenga maarifa, na yasidharauliwe: Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliosoma upya. Lakini hofu yako haiishi kwenye swali moja moja. Inaishi kwenye dakika ya 70, unapoona sehemu inayofuata ikifunguka na umeshachoka. Mahali hapo hapafikiki kwa maswali 20.

Mwili hujifunza kwamba kitu hakidhuru kwa kukutana nacho mara nyingi na kutoka salama. Ukikimbia kila unapokaribia, unaufundisha kinyume. Kwa hiyo jaribio lifanane na mtihani katika mambo yanayotisha:

- Saa ile ile ya siku utakayofanya mtihani. Kama ni asubuhi, usijaribu usiku kitandani.
- Kiti cha mbao au cha ofisi, meza tupu, aina ile ile ya kifaa. Kama mtihani ni wa kompyuta, usifanyie kwenye karatasi.
- Simu nje ya chumba. Kuizima na kuiacha mezani hakutoshi.
- Mapumziko yale tu yanayoruhusiwa, kwa dakika zile zile.
- Kelele za kawaida. Kituoni kuna vibonyezo vinavyogonga, kikohozi, mlango. Fanya angalau jaribio moja maktaba au mahali penye watu.
- Hakuna kuangalia jibu lolote hadi mwisho.

Idadi: majaribio 4 hadi 6 kwa wiki 6 hadi 8, moja kwa wiki, la mwisho siku 5 hadi 7 kabla. Kufanya kila siku nyingine kunachosha na kunakula hazina, na hazina ni tatizo halisi la anayerudia: mitihani rasmi ya majaribio ni michache, na mara ya kwanza aliimaliza yote. Ukirudia iliyokwisha, alama zitapanda kwa kumbukumbu. Tenga angalau miwili ambayo hujaigusa kwa wiki tatu za mwisho, na zile za zamani zitumie kuzoea kukaa tu, bila kuhesabu alama.

Jaribio moja liharibu kwa makusudi. Mwombe mtu akuanzishe kwa sehemu unayoichukia, au abishe mlango katikati. Lengo ni kufanya mazoezi ya kurudi. Wengi wanajua kufanya mtihani unaokwenda vizuri, ila hawajawahi kujizoeza dakika ile inayofuata baada ya kuharibu. Weka kanuni yenye "nikiona" na "basi": nikiona dakika 2 zimepita kwenye swali moja bila njia, basi naweka alama, nakisia, naendelea. Kanuni iliyoamuliwa nyumbani haihitaji ujasiri ukumbini. Ila soma masharti ya mtihani wako, kwani si kila mtihani unakuruhusu kurudi kwenye swali uliloruka.

Ambaye hata jaribio kamili linamtetemesha asilianze kwa kulirukia. Daktari wa magonjwa ya akili Joseph Wolpe alifundisha tangu miaka ya 1950 kupanda ngazi: unakutana na kinachotisha kidogo, ukitulia unapanda. Ngazi ya mtihani inaweza kuwa hivi: maswali 10 bila saa, maswali 10 kwa saa, sehemu moja, sehemu moja penye watu, sehemu mbili mfululizo, mtihani mzima. Kaa kwenye ngazi hadi woga ushuke karibu nusu kwa makadirio yako mwenyewe, ndipo upande. Ukishindwa ngazi, shuka moja, usishuke zote.

Kurudia mapema au kungoja?

Kanuni za mtihani zinaweka mpaka wa chini. GRE inataka siku 21 zipite, na mara zisizozidi 5 ndani ya miezi 12. GMAT (mtihani wa kuingia shahada za juu za biashara) inataka siku 16. IELTS ina utaratibu wa kurudia stadi moja tu kati ya nne ndani ya siku 60, lakini ni kwa waliofanya kwa kompyuta, haupatikani kila mahali, na si kila taasisi inaupokea. Uliza taasisi yako kabla ya kulipa.

Mapema kunamfaa aliyepatwa na ajali: aliugua, alichelewa, kompyuta ilikwama. Maarifa yapo, yasiachwe yapoe. Kwa ambaye tatizo lilikuwa hofu, wiki 3 ni chache. Hawezi kupanda ngazi wala kufanya majaribio ya kutosha, naye anarudi kwenye nyoka yule yule jeraha likiwa bichi. Wiki 6 hadi 10 ndizo tunazopendekeza. Zaidi ya miezi 4 hasara inageuka: misamiati na kanuni za hesabu zinasahaulika, na kila wiki ya kuahirisha inamkuza nyoka.

Usichukue tarehe ya mwisho kabisa kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Chukua inayoacha nafasi ya kurudia mara moja zaidi, hata kama huitaki. Kujua kwamba mlango mwingine upo kunapunguza uzito wa huu. Vivyo hivyo kujua sera ya alama: GRE inakuruhusu kuchagua alama za siku ipi zitumwe, na vyuo vingi vinavyopokea SAT huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka siku tofauti. Mtu anayedhani alama mbaya itamfuata maisha anafanya mtihani mzito kuliko uliopo.

Kituo kile kile, kingine, au nyumbani?

Kituo kile kile kina faida ya kujulikana: njia, mlango, choo, taratibu za ukaguzi. Chukua hicho isipokuwa mazingira yake yalikuwa mabaya kweli. Mtihani wa nyumbani, kwa mitihani inayouruhusu, huonekana mpole, lakini hofu inahamia kwenye kamera, intaneti na masharti ya chumba. Anayeogopa watu atapata nafuu. Anayeogopa mitambo asithubutu.

Dawa, kahawa na mtaalamu

Dawa ya propranolol huzuia adrenalini isifanye kazi yake moyoni na mikononi, hivyo kudunda na kutetemeka kunapungua. Haiondoi mawazo. Ni hatari kwa wenye pumu na wenye mapigo ya moyo ya polepole, hutolewa kwa cheti cha daktari, na haijaribiwi kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepam ni habari nyingine: zinapunguza woga na kumbukumbu kwa pamoja, biashara mbaya kwa mtahiniwa. Kidonge cha rafiki usikiguse, cha aina yoyote.

Kahawa: kunywa kiasi ulichozoea, saa uliyozoea. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, hivyo kikombe cha ziada cha saa 2 asubuhi kitakuwa nawe mtihani mzima, kikidundisha moyo kwa sauti ile ile ya hofu. Asiyekunywa asianze.

Kama hofu inakunyima usingizi wiki kadhaa kabla, au umeshaacha kwenda kwenye mitihani uliyolipia, muone mwanasaikolojia. Mbinu za makala haya zitamsaidia yeye kukusaidia, hazichukui nafasi yake. Mwenye hali iliyothibitishwa kitabibu anaweza pia kuomba muda wa ziada au chumba tofauti, lakini maombi hayo huchukua wiki nyingi. Yawasilishe kabla ya kuchagua tarehe.

Siku yenyewe

Fika dakika 30 hadi 45 kabla. Homoni ya kotisoli hufikia kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, kwa hiyo kugombana na foleni dakika 10 kabla ya kuanza kunakupiga katikati ya sehemu ya kwanza. Kuwahi kunaupa mshtuko muda wa kushuka nje ya saa yako. Ukiwa hapo usiingie kwenye mazungumzo ya "wewe umesoma nini?". Hakuna aliyewahi kutoka humo akiwa bora.

Akili ikifunga katikati ya mtihani: ondoa mkono kwenye kipanya, weka nyayo zote sakafuni, toa pumzi tatu ndefu, kisha nenda kwenye swali unalolimudu, hata kama si la zamu yake, pale mtihani unapoliruhusu. Sekunde 30 hadi 45. Kwenye mtihani usioruhusu, andika kwenye karatasi ya rasimu chochote swali linachokupa: namba, kitenzi, uhusiano. Mkono ukianza kazi, kichwa hufuata.

Usisome bahati yako kwenye ugumu wa maswali. SAT ya kompyuta na GRE hubadilisha ugumu wa sehemu ya pili kulingana na ya kwanza, na ndani ya SAT yanaweza kuwemo maswali ya majaribio yasiyohesabiwa. Swali jepesi linaweza kuwa jepesi kwa sababu umesoma. Anayerudia hulichukua kama hukumu: "wamenishusha tena". Hujui, na kujua kusingekuongezea alama.

Mwisho wa GRE utaulizwa kama unataka alama ziripotiwe au zifutwe, kabla hujaziona. Mwenye hofu hubonyeza kufuta, kwa sababu anakumbuka maswali matatu yaliyomtesa na hakumbuki 30 yaliyopita kimya. Amua jambo hili nyumbani, kwa maandishi: nitafuta tu nikiugua au nikiacha sehemu bila kumaliza. Nje ya hapo, bonyeza kuripoti, toka, na ndani ya saa moja andika mistari mitatu kabla kumbukumbu haijabadilika: hofu ilianza dakika ya ngapi, ilianza mwilini au kwenye mawazo, na ulitumia njia gani.